Programu Mlangoni: Kupita Katika Saraka na Kukagua Ruhusa za Mafaili

  Waandaaji waliniomba jambo moja tu, kwamba mada isiwe ya waandishi wa programu peke yao, kwa sababu ukumbini wamo pia watu ambao kazi yao ni kutunza majalada na kujibu maswali ya wananchi. Ombi hilo nimelizingatia. Wale ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu wasiogope. Nitakapowapoteza, wainue mkono.

Lengo langu ni kuonyesha kwamba programu inapouliza, "Je, faili hili linasomeka?", jibu inalopata ni dogo kuliko swali lililokuwa kichwani mwa aliyeiandika. Aliyeandika alitaka kujua kama siri za watu ziko salama. Mfumo umemjibu jambo jingine kabisa, jembamba zaidi, na yeye ameondoka ameridhika. Humo ndimo nywila, orodha za mishahara na taarifa za wagonjwa zinamovujia.

Mifano yangu nitaitoa katika lugha ya Python ikiendeshwa juu ya Linux. Python ndiyo lugha ambayo vijana wengi huanza nayo siku hizi, na Linux ndiyo iliyo chini ya seva nyingi tunazozitegemea bila kuziona. Anayetumia Perl, C au Rust atayakuta mambo yaleyale kwa majina mengine.

Kabla ya hoja, historia kidogo. Miaka ya 1960, katika chuo cha MIT nchini Marekani, kulikuwa na mfumo ulioitwa CTSS, mmojawapo wa mifumo ya kwanza iliyowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Aliyeuongoza ni Fernando Corbató. Programu ya kuhariri maandishi katika mfumo ule ilikuwa na desturi ya kuunda faili la muda, lenye jina lilelile siku zote, ndani ya saraka ya anayehariri. Desturi hiyo haikuwa na madhara maadamu kila saraka ilikuwa na mtu mmoja anayefanya kazi ndani yake. Lakini wasimamizi wa mfumo walijipa ruhusa ya kufanya kazi wengi kwa pamoja katika saraka moja. Mwaka 1966 msimamizi mmoja alikuwa akihariri tangazo la siku, mwenzake akihariri faili la nywila. Mafaili yao ya muda yakabadilishana nafasi. Kila aliyeingia kwenye mfumo baada ya hapo akasalimiwa, badala ya tangazo, na orodha ya nywila za watumiaji wote.

Corbató mwenyewe alikisimulia kisa hiki katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing, aliyotunukiwa mwaka 1990. Ninachotaka mkitazame ni hiki: hapakuwa na mdukuzi. Hakuna aliyevunja kufuli. Kanuni zilifuatwa, ila kanuni zilijengwa juu ya dhana kuhusu saraka ambayo haikuwa kweli tena.

Mwaka 1965 Robert Daley na Peter Neumann walikuwa wamekwisha kuchapisha muundo wa mfumo wa mafaili wa Multics, ambamo saraka huzaa saraka nyingine kama tunavyozijua leo. Mwaka 1969, katika maabara za Bell, Ken Thompson na Dennis Ritchie wakaanza kazi ya Unix. Humo ndimo ulimokulia mpangilio tunaoutumia hadi sasa: kila faili lina mwenyewe, lina kikundi, kisha kuna watu wengine wote, na kila upande katika hizo tatu hupewa au hunyimwa ruhusa ya kusoma, kuandika na kuendesha. Kusoma huhesabiwa 4, kuandika 2, kuendesha 1. Ndiyo maana mnawasikia vijana wakisema "644" au "755" kama watu wanaotajiana namba za mabasi. 644 maana yake mwenyewe anasoma na kuandika, wengine wote wanasoma tu.

Hoja ya kwanza: ruhusa ya saraka si ruhusa ya faili.

Herufi ni zilezile tatu, lakini zikiwekwa juu ya saraka maana hubadilika, na hapa ndipo hata waliosoma hukwama. Watunza kumbukumbu watanielewa haraka kuliko wengine. Saraka ni daftari la masijala. Ndani yake hamna majalada. Mna majina ya majalada, na mbele ya kila jina namba ya mahali jalada lilipo. Ruhusa ya kusoma saraka ni ruhusa ya kulipitia daftari na kuona majina. Ruhusa ya kuandika ni ruhusa ya kuongeza mstari au kuufuta. Na ruhusa ile ya tatu, ambayo kwenye faili ni ya kuendesha, kwenye saraka ni ruhusa ya kuchukua namba na kwenda rafuni.

Kutokana na hayo mambo matatu yanafuata, na yote yanawashangaza wanafunzi. La kwanza: anayeruhusiwa kusoma saraka bila kupita ataona majina yote, lakini akiuliza ukubwa wa faili au mwenyewe ni nani, atakataliwa. La pili ni kinyume chake: anayeruhusiwa kupita bila kusoma hawezi kuorodhesha chochote, lakini akilijua jina la faili atalifungua kama faili lenyewe linamruhusu. Seva za kupangisha tovuti huitumia sana hali hii. Saraka ya mteja hupewa 711. La tatu ndilo linaloleta ugomvi maofisini. Kufuta faili hakutegemei ruhusa ya faili. Kunategemea ruhusa ya saraka iliyolibeba. Faili linaweza kuwa na 444, halimruhusu yeyote kuandika, na bado mtu asiye mwenyewe akalifuta, kwa sababu alichokifuta ni mstari katika saraka aliyopewa ruhusa ya kuandika na kupita. Saraka ya /tmp, ambayo kila mtu huandika humo, huwekewa biti ya ziada, hali yake ikasomeka 1777, ili mtu asifute cha mwenzake.

Na ili kulifikia faili, mtu huhitaji ruhusa ya kupita katika kila saraka iliyo njiani, kuanzia kwenye mzizi. Faili lenye 666 lililofichwa ndani ya saraka yenye 700 leo liko salama. Kesho fundi akiilegeza saraka hiyo kuwa 755 ili kutatua shida nyingine, faili limekuwa la umma na hakuna aliyeligusa. Programu inayotazama faili peke yake bila kutazama njia nzima huwa haijui inachokisema.

Niongeze dogo hapo kwa wale wanaodhani mfumo hujumlisha ruhusa. Haujumlishi. Ukiwa wewe ndiwe mwenyewe, zinatazamwa herufi za mwenyewe tu, basi. Faili lenye 077 humkatalia mwenyewe na kuwaruhusu walimwengu. Kichekesho, lakini ndivyo kanuni ilivyo.

Hoja ya pili: anayepita kimya huleta ripoti ya uongo.

Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi. Tangu toleo la 2.3, la mwaka 2003, Python ina zana iitwayo os.walk. Unaipa saraka ya kuanzia, nayo huteremka, saraka moja baada ya nyingine, ikikuletea kila mara jina la saraka, orodha ya saraka ndogo zilizomo na orodha ya mafaili. Ni zana nzuri. Mistari mitatu inatosha kupita katika seva nzima, na ndiyo maana kila mtu anayetaka kukagua ruhusa huanza nayo.

Sasa sikilizeni. Ikikutana na saraka isiyoruhusiwa kuifungua, os.walk haisemi kitu. Hairushi kosa, haiandiki onyo. Inairuka na kuendelea na safari. Ndivyo ilivyoandikwa kufanya, na nyaraka zake rasmi zinaeleza wazi kwamba makosa hupuuzwa isipokuwa umeipa kazi ya kuyapokea kupitia kigezo kiitwacho onerror. Lakini kigezo hicho si cha lazima, na katika mifano mingi ya kufundishia hakipo.

Fikirieni maana yake. Ofisa anaombwa athibitishe kwamba hakuna faili lililoachwa wazi katika seva ya taasisi. Anaandika programu yake, anaiendesha kwa akaunti yake ya kawaida, inamaliza. Inachapisha: hakuna faili lililo wazi. Anapeleka ripoti juu. Kumbe nusu ya saraka zilimfungia mlango na programu haikumwambia. Hajasema uongo kwa makusudi, lakini karatasi aliyoisaini ni ya uongo. Na siku hizi karatasi hizo zina uzito. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taasisi ikiulizwa imezilindaje taarifa za watu, haiwezi kujibu kwa ukaguzi ambao wenyewe haujui uliishia wapi.

Kuna atakayesema, "Basi aendeshe kama mtumiaji mkuu, asikataliwe popote." Ni rai nzuri nusu yake. Nusu nyingine ina mtego. Python ina zana nyingine, os.access, unayoiuliza kama faili linasomeka au linaandikika. Ikiulizwa na mtumiaji mkuu, hujibu ndiyo karibu kwa kila kitu, kwa sababu mtumiaji mkuu kweli anaweza. Hapo ukaguzi umekuwa hauna maana kwa upande wa pili: kwanza ulikuwa unaficha, sasa unashtaki kila faili.

Njia ninayoipendekeza ni hii. Ingia kama mtumiaji mkuu ili usizuiwe, lakini usiulize "naweza?". Soma hali ya faili kwa os.lstat, utazame biti zenyewe: je, biti ya 2 kwa watu wengine imewashwa? Kisha tazama kama saraka zote za juu yake zinawaruhusu watu wengine kupita. Na hata ukiwa mtumiaji mkuu, kipe kigezo cha onerror kazi ya kukusanya katika orodha saraka zilizokukatalia, kwa maana diski zinazofikiwa kupitia mtandao mara nyingi husanidiwa zisimtambue mtumiaji mkuu wa mashine ngeni. Orodha hiyo ichapishwe mwanzoni mwa ripoti, kabla ya matokeo mengine yoyote.

Naomba pia tusiziamini kupita kiasi hizo biti tisa za ruhusa, tatu kwa kila upande. Linux ina orodha za ziada za ruhusa, ambazo huonekana kama alama ya kujumlisha mwishoni mwa herufi unapoorodhesha kwa ls -l. Na katika Windows mambo ni mengine kabisa, huko os.chmod ya Python haiwezi kubadilisha zaidi ya ile alama ya kusoma tu, ilhali ruhusa halisi zinakaa kwingine. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya Linux ikiendeshwa Windows huenda isianguke, ila itatoa majibu yasiyo na maana kwa sura ya utulivu.

Jambo la mwisho katika hoja hii ni la kasi. Mwaka 2015, toleo la 3.5 lilileta os.scandir, iliyopendekezwa na Ben Hoyt, na os.walk ikajengwa upya juu yake ikawa na kasi zaidi. Siri yake ni kwamba mfumo unapotoa jina la faili huwa unatoa pamoja nalo aina yake, kama ni faili au saraka, kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza mara ya pili. Lakini ruhusa hazimo katika jibu hilo la kwanza. Anayekagua ruhusa katika Linux lazima aulize tena kwa kila faili. Msimlaumu ofisa wenu programu yake ikichukua muda. Ikimaliza upesi kupita kiasi, hapo ndipo pa kumuuliza.

Hoja ya tatu: viungo.

Hii nitaipitia haraka. Katika saraka mnaweza kuwa na mafaili madogo yasiyobeba kitu ila njia ya kwenda kwingine; hivyo ndivyo viungo. Kiungo katika Linux husomeka 777 siku zote, na namba hiyo haina maana yoyote. Kinachohesabika ni ruhusa za kule kinakoelekeza. Kwa hiyo programu isiyotofautisha os.stat, inayofuata kiungo, na os.lstat, inayotazama kiungo chenyewe, itapiga kelele bure au itanyamaza pasipostahili. Baya zaidi ni kiungo kinachorudi juu kwenye saraka kilimotoka. Kwa kawaida os.walk haifuati viungo vya saraka. Ukiiamuru ifuate, haiweki kumbukumbu ya ilikopita, nayo itazunguka hadi mfumo wenyewe uchoke. Linux hukataa njia inayopitia viungo zaidi ya 40. Dawa ni programu yako yenyewe kukumbuka, kwa kila saraka, namba ya diski na namba ya inodi, yaani ile namba ya mahali ilipo, na kutoingia mara ya pili.

Hoja ya nne: jibu la ruhusa huzeeka papo hapo.

Dennis Ritchie aligundua kitu kiitwacho biti ya setuid, akapewa hataza yake Marekani mwaka 1979. Programu yenye biti hiyo huendeshwa kwa haki za mwenye faili, si za mtu aliyeianzisha. Ndivyo mtumiaji wa kawaida anavyoweza kubadilisha nywila yake, ijapokuwa faili linalotunza nywila ni la mtumiaji mkuu. Programu ya namna hiyo huhitaji kujua: je, huyu aliyenianzisha, yeye mwenyewe, angeruhusiwa kulisoma faili hili? Ombi la mfumo liitwalo access liliwekwa kujibu swali hilo, na os.access ya Python ni mlango wa kuingilia humo. Ndiyo maana hujibu kwa haki za aliyeianzisha programu, hata kama programu yenyewe ina haki nyingine.

Tatizo ni kwamba kati ya kuuliza na kufungua kuna mwanya. Ni mdogo sana, lakini katika mwanya huo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuliondoa faili lake halali na kuweka mahali pake kiungo kinachoelekea kwenye faili la nywila. Programu imekwisha kuambiwa ndiyo, inafungua, inafungua kingine. Watafiti wa usalama wamelizungumza jambo hili kwa miongo, na nyaraka za Python zinaonya juu yake pale pale zinapoeleza os.access.

Msidhani ni kosa la wanafunzi. Januari 2022 waundaji wa Rust, lugha ambayo sifa yake kubwa ni usalama, walitangaza kwamba kazi yao ya kufuta saraka pamoja na vyote vilivyomo ilikuwa na udhaifu wa aina hiihii. Ilikuwa inatazama kama kitu ni kiungo, kisha inateremka ndani yake. Mtu akiwahi kubadilisha saraka kuwa kiungo baada ya kutazamwa, programu yenye haki kubwa ingekwenda kufuta vitu vya kwingine. Udhaifu huo ulikuwemo tangu toleo la 1.0 la mwaka 2015 na ulirekebishwa katika toleo la 1.58.1. Zaidi ya miaka sita, mbele ya macho ya watu makini.

Kwa hiyo kanuni ya kazi ya kila siku ni kufungua moja kwa moja. Unataka kusoma? Fungua. Ukikataliwa, Python itarusha PermissionError, nawe uishughulikie palepale: uandike jina, uandike sababu, uendelee. Ukifunguliwa, ulizia hali ya kile ulichokishika mkononi kwa os.fstat, wala usilitaje jina lake tena, kwa maana jina linaweza kubadilishiwa kitu lakini ulichokifungua hakibadiliki. Kumbukeni pia kwamba ruhusa hukaguliwa faili linapofunguliwa, si kila linaposomwa. Programu iliyofungua faili saa mbili asubuhi itaendelea kulisoma mchana kutwa, hata kama saa tatu uliibana ruhusa.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaitazama saa. Namalizia kwa kutazama mbele.

Zana zinaboreka. Tangu mwaka 2020, kuanzia toleo la 5.6, kiini cha Linux kina ombi liitwalo openat2, ambalo huiwezesha programu kusema: nifungulie faili hili, lakini usikubali kiungo chochote njiani, na usikubali njia itoke nje ya saraka hii. Ukaguzi na ufunguzi vimekuwa tendo moja, na ule mwanya umezibwa na mfumo wenyewe. Python nayo, tangu toleo la 3.3, ina os.fwalk, inayoteremka katika saraka huku ikizishika zilizofunguliwa badala ya kutegemea majina. Hayo ndiyo mambo ya kujifunza sasa, kabla hayajawa lazima.

Kwa walimu wa programu, naomba somo la kwanza la os.walk lisitolewe bila onerror. Mwanafunzi asiyeoneshwa kukataliwa ataandika programu zisizojua kwamba zimekataliwa. Kwa wakuu wa idara, ambao ndio mnaosaini: mkiletewa ripoti ya ukaguzi wa seva, ulizeni kwanza iko wapi orodha ya saraka ambazo programu haikuweza kuingia, na kama haipo, rudisheni ripoti.